Ampli ndogo, sebene safi: namna ya kusikika Goma bila kukwaruza

Sebene haivumilii sauti chafu. Kwa wapiga roki wengi wa Marekani na Uingereza, ampli inayokoroma ni sehemu ya ladha, na wapo waliojipatia jina kwa mkoromo huo. Kwenye muziki wa Kongo mambo ni mengine. Gita la solo, la mi-solo na la rithimu hupishana kwenye uwanja mwembamba, kila moja likijaza pengo ambalo jingine limeliacha, na mtu hunyanyuka kitini kucheza kwa sababu anasikia kila noti imesimama peke yake. Noti zikigandana, sebene imekufa, hata vidole viwe vyepesi namna gani.

Kwa hiyo mpiga gita wa Goma aliyebahatika kupata ampli ndogo ya valvu, ya wati 5 au 15, anakabiliwa na kazi ngumu. Akifungua sauti kidogo, drams na kwaya vinammeza. Akifungua zaidi, ampli inaanza kukwaruza. Afanyeje asikike, na abaki safi? Ushauri unaotolewa upesi ni kubadilisha valvu. Mimi nauweka ushauri huo karibu na mwisho wa foleni. Spika kwanza, umeme pili, kisha mkono wa mpigaji na mahali pa kuiweka ampli. Kuifungua na kuichokonoa ndani ni hatua ya mwisho, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Usafi ninaousema haukuanza na waya za umeme. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda kule Katanga, alinasa gita kavu tu, na ndani ya gita hilo moja besi na sauti ya juu zilisikika kama watu wawili wanaojibizana. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kufanya kazi na kampuni ya kurekodi ya CEFA, naye ndiye anayetajwa kuwa alilileta gita la umeme katika muziki wa mji ule. Walioshika njia hiyo baada yake, Franco na OK Jazz iliyoundwa 1956, Nico Kasanda na kaka yake Dechaud waliokwenda Brussels na African Jazz mwaka 1960, walipigia ampli za valvu kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Hawakuzitafutia mkoromo. Urithi huo ulisafiri hadi huku mashariki na kuvuka mpaka. Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, iliyotamba Nairobi miaka ya 1980, ilichukua jina la safu ya volkano zinazoonekana kutoka Goma, na katika rekodi zake unaweza kulifuata gita moja tangu sebene inapoanza hadi inapokwisha bila kulipoteza.

Haitakuwa haki kusema sauti iliyochafuka ni kosa kila mahali. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya ampli yake ndogo ili ikorome kwenye wimbo “You Really Got Me”, na sauti ile ikafungua njia kwa kizazi kizima cha wapiga roki. Kinshasa kwenyewe, Konono N°1 ya Mawangu Mingiedi iliunganisha likembe na maikrofoni za kujitengenezea na vipaza sauti vilivyolemewa, na albamu yao “Congotronics” ya 2004 ikapendwa duniani kote kwa ukali huohuo. Hao waliupokea uchafu na kuufanya muziki wao. Anayepiga sebene Jumapili kanisani Katindo au Majengo hana haja nao, naye ndiye ninayemwandikia.

Kwanza aelewe kinachomharibia. Valvu ya mwisho ya ampli ina mpaka wa volti inazoweza kusukuma. Wimbi linalotoka kwenye nyuzi likigonga mpaka huo, kichwa chake hukatwa na kuwa bapa. Ukipiga noti moja, madhara si makubwa sana: zinaongezeka noti za juu ambazo kwa kiasi kikubwa zinapatana na ile uliyoipiga. Ukipiga mbili kwa pamoja, kama sebene inavyopenda, hapo ndipo balaa linapoingia, kwa kuwa ampli iliyolemewa huzaa noti ambazo hukuzipiga. Chukua noti ya hezi 440 na nyingine ya hezi 554, yaani la na do dizi iliyo juu yake. Ndani ya ampli hiyo inazaliwa noti ya hezi 114, ambayo ni tofauti ya hizo mbili, na nyingine ya hezi 994, ambayo ni jumla yake. Ile ya 114 inaangukia kwenye eneo la gita la besi, na inahama kila unapohamisha vidole. Msikilizaji hajui hesabu hii, ila anahisi tope limeingia kati ya besi na solo. Mpiga besi naye anahisi, anaongeza sauti yake ili ajisikie, na vita vya sauti vinaanza jukwaani.

Wati nazo zinadanganya. Ukiongeza nguvu ya ampli mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua lakini halishtuki. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, zinahitajika desibeli 10 hivi, na hizo ni wati mara kumi. Maana yake, mtu anayeuza ampli ya wati 5 na kutia pesa juu yake ili anunue ya wati 10 amenunua kitu kidogo mno. Kutoka wati 5 hadi 15 ni desibeli 5 pungufu kidogo. Na hesabu hiyo ni ya nguvu ambayo ampli inaitoa ikiwa bado safi. Mshindo wa kwanza wa uzi wa gita unaopigwa huwa mkubwa sana kuliko sauti inayobaki ikivuma baada yake, hivyo ampli inahitaji akiba kubwa juu ya sauti ya kawaida ili mshindo huo upite bila kukatwa. Ampli ndogo inakosa akiba hiyo hasa.

Sasa tuingie kwenye spika, na hapa sitaharakisha.

Kila spika ya gita inayotoka kiwandani ina namba inayoonyesha inatoa desibeli ngapi, kwa umbali wa mita moja, inapolishwa wati moja. Wapiga gita wengi hawajawahi kuitazama. Spika ndogo ya inchi 8 iliyomo ndani ya ampli nyingi za wati 5 inaweza kuwa na desibeli 92 au chini ya hapo. Spika ya Celestion Greenback ya inchi 12 ina 98. Vintage 30 na Alnico Blue za kampuni hiyohiyo zina 100. Fanya hesabu. Wati 5 kwenye spika ya 92 zinakupa desibeli 99. Wati 5 zilezile kwenye spika ya 100 zinakupa 107. Tofauti ni desibeli 8, na kuzipata kwa njia ya nguvu peke yake ungehitaji ampli ya zaidi ya wati 30. Hukufungua ampli, hukugusa valvu, hukuongeza uchafu hata chembe. Kwa sikio, umekaribia kuipandisha sauti maradufu.

Kwa hiyo mtu mwenye ampli yenye kitundu cha spika ya nje amepewa zawadi, naye aitumie. Fundi seremala wa Goma anaweza kutengeneza kabati la plaiwudi ya milimita 18, lililo wazi nusu upande wa nyuma, kwa gharama ndogo kuliko kifurushi cha valvu kinachoagizwa kutoka nje. Lisiwe la mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, maana unyevu wa kando ya ziwa unazivimbisha, na skrubu zinalegea.

Wenye pesa kidogo hujaribiwa na spika za magari, kwa kuwa zinapatikana kila mahali. Wasizitumie. Nyingi ni za omu 4 ilhali ampli inataka 8, na nyingi zimetengenezwa zitoe besi nzito ndani ya gari zikilishwa na ampli yenye nguvu nyingi. Kwa wati moja zinatoa sauti ndogo. Afadhali spika ya inchi 12 inayotolewa kwenye bafle la kanisa ambalo spika yake ya sauti za juu imeungua lakini spika kubwa bado ni nzima. Haitakuwa na ukali uleule wa spika ya gita, lakini kwa gita safi ukali huo haukosekani sana, na ukiongeza kidogo sauti za juu kwenye ampli utaridhika.

Masharti ni mawili. Omu za spika zilingane na zile ampli inazotaka, na spika iweze kubeba wati za ampli na akiba juu yake: Alnico Blue, kwa mfano, inabeba 15 tu, kwa hiyo inafaa ampli ya wati 5 lakini ya wati 15 ikifunguliwa yote inaweza kuiumiza. Ukiunganisha spika mbili za omu 8 sambamba zinakuwa 4, na ampli iwe na tundu la 4. Jambo ambalo halina mjadala ni hili: ampli ya valvu isiwashwe na kupigwa bila spika kuunganishwa. Nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutolea sauti na kuitoboa, na transfoma hiyo ndiyo kifaa kigumu kuliko vyote kukipata Goma.

Kuhusu umeme, wanaoandika juu ya ampli kutoka nchi ambako ukuta unatoa volti zilezile usiku na mchana huupita haraka. Sisi hatuwezi. Goma inapata umeme wa maporomoko, ukiwemo wa kituo cha Matebe huko Rutshuru, chenye megawati 13.8, kilichozinduliwa 2015. Nje ya hapo mji unaishi kwa paneli za jua, betri na inveta, na kwa jenereta. Kila chanzo kina tabia yake, na ampli ya valvu inaihisi kuliko redio au simu.

Chukua nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, saa moja jioni, watu wote wamewasha taa na majiko. Mita ikionyesha volti 180 badala ya 220, volti kubwa zinazolisha valvu zimeshuka kwa kiwango hichohicho, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, ampli imepoteza theluthi nzima ya wati zake safi. Kwa desibeli hiyo si hata 2, mtu atasema ni kitu gani. Lakini kuna la pili. Nyuzi zinazopasha valvu moto zimepangiwa volti 6.3, na kwa umeme huo zinapata 5.15 hivi, chini kabisa ya upungufu wa asilimia 10 ambao watengenezaji wanaruhusu. Valvu inakuwa baridi, inashindwa kutoa elektroni za kutosha pale mshindo wa gita unapozidai, na inakwaruza mapema kuliko hesabu ya wati inavyotabiri. Mpigaji anasema ampli yake imezeeka. Usiku wa manane, umeme ukirudi juu, ampli ileile ni nzima.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Jenereta isiyodhibitiwa vizuri ikipanda hadi 250, nyuzi zinapata volti zaidi ya 7, na valvu kama EL84, ambayo kitabu chake kinaruhusu volti 300 kwenye anodi na ambayo watengenezaji wengi wa ampli tayari wanaisukuma hadi hapo na kupita, inaishi maisha mafupi. Inveta za bei nafuu zinatoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Transfoma inapata joto, na kwenye spika unasikia mnong’ono wa nyuki ambao hauondoki. Aliyeletewa ampli kutoka Marekani na ndugu yake ana mzigo wa ziada: kushusha 220 hadi 120 hakutoshi, kwa kuwa transfoma iliyopimwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 inashiba chuma chake upesi na kuchemka.

Dawa yake ni rahisi. Ampli inayotoa wati 15 za sauti huvuta ukutani wati 60 hadi 100 hivi, kwa hiyo stabilaiza ndogo inayouzwa kwa ajili ya televisheni au friji inaimudu vizuri. Kabla ya kuinunua, pima. Fundi yeyote wa simu ana mita. Azamishe ncha zake kwenye soketi mchana, kisha jioni, kisha jenereta ikiwaka. Namba hizo tatu zitakueleza mengi kuhusu sauti yako kuliko mabishano ya aina za valvu. Na utazame waya wa ardhi. Mji umejengwa juu ya mawe ya lava, ya 1977, ya 2002 na ya zamani zaidi, na mwamba huo haupitishi umeme vizuri, hivyo ufito mfupi wa chuma uliopigwa hapo mara nyingi ni ardhi ya jina tu. Mpiga gita anayepigwa shoti mdomoni akikaribia maikrofoni asivumilie. Hiyo ni hatari ya kifo.

Yanayofuata hayana gharama yoyote. Uzi mzito wa gita unavuma hezi 82, na kusukuma sauti za chini namna hiyo kunakula nguvu nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye ampli, ilhali sikio linazisikia kidogo. Solo ya sebene haishi huko. Inaishi juu, kuanzia kati ya shingo ya gita kwenda kwenye mwili, na chini kabisa tayari kuna mpiga besi. Shusha besi ya ampli hadi karibu na sifuri, pandisha sauti za kati, na utashangaa jinsi nafasi ilivyopatikana. Shusha maiki za gita mbali kidogo na nyuzi, hasa zile nene zenye koili mbili, ili mshindo usiingie na nguvu zote. Pedali ya kompresa, ikiwekwa kwa kipimo, inapunguza mshindo wa kwanza na kukuwezesha kupandisha kilichobaki; ikizidi inaondoa uhai wa mkono, na kwa sebene uhai huo ndio muziki wenyewe. Pedali za kuongeza nguvu hazisaidii hapa. Zinaipeleka ampli kwenye mpaka wake upesi zaidi.

Mahali pa kuiweka ampli ndipo ninapoona makosa mengi kuliko kwingine. Sauti za juu za spika ya inchi 12 hazisambai. Zinakwenda mbele katika njia nyembamba. Ampli ikiwa sakafuni nyuma ya mpigaji, njia hiyo inapita magotini mwake na kwenda kumchoma aliyekaa benchi la mbele. Kiongozi wa kwaya anageuka: “Ndugu, gita linatuumiza huku!” Anajibiwa: “Papa, mimi mwenyewe sijisikii.” Wote wawili wanasema kweli. Mpigaji anazidi kuongeza sauti za juu na nguvu, ampli inakwaruza, na ugomvi unageuka kuwa wa adabu. Iweke juu ya kiti, iinamishe nyuma kidogo ielekee sikio la mpigaji, na atapunguza mwenyewe bila kuombwa. Isimame mbali na drams, maana ngoma ya kugongwa kwa fimbo inafika kirahisi desibeli 100 na zaidi kwa mita moja, na hakuna ampli ya wati 5 inayoshinda hapo uso kwa uso. Nje, uwanjani, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti inashuka desibeli 6: desibeli 107 za mita moja zinabaki 83 mita 16 mbele. Ndani ya kanisa la mbao na mabati kuta husaidia kurudisha sauti, hadi mvua inyeshe. Mvua ya Goma ikigonga bati, wapigaji wapumzike na wahubiri pia.

Sasa valvu. Ya kwanza katika ampli nyingi ni 12AX7, ambayo kipimo chake cha kukuza ni 100. Ndugu zake zinaingia kwenye soketi ileile: 5751 ina 70, 12AT7 ina 60, 12AY7 iko katikati ya arobaini, 12AU7 ina 20 hivi. Anayeondoa 12AX7 na kuweka 12AY7 anakuta kitufe cha sauti kinaweza kufika saba bila kukwaruza, wakati zamani kilikwaruza kwenye nne. Anashangilia. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba saba ya leo ni nne ya jana, kwa sababu valvu ya mwisho na transfoma hazikubadilika, na ndizo zinazoweka mpaka. Faida ya kweli ipo pale gita lenye maiki kali linapoilemea hatua ya kwanza yenyewe, na huko mabadiliko hayo yanafaa. Kwingine ni faraja ya macho.

Valvu za nguvu zisichezewe kwa kubahatisha. Wengine husikia kwamba 6L6 ni kubwa kuliko 6V6 na kwamba zina miguu sawa, wakaibadilisha. 6V6 inahitaji ampea 0.45 za kupasha moto, 6L6 inahitaji 0.9, na transfoma ndogo inayodaiwa maradufu inaungua polepole. Na kuipata valvu yoyote ni safari. Karibu zote zinazouzwa leo kwa magita zinatoka Slovakia, Urusi na China. Kuzifikisha hapa kunapitia Kigali na mpaka wa Gisenyi, na tangu vita viingie mjini na uwanja wa ndege kufungwa Januari 2025, aliyezoea kuletewa vifaa kwa ndege amelazimika kutafuta njia nyingine. Weka jozi moja ya akiba, za aina ileile iliyoandikwa kwenye ampli yako, na uziache ndani ya boksi.

Yapo marekebisho ya ndani ambayo fundi mzuri anaweza kuyafanya: kuondoa kapasita ya kathodi kwenye hatua ya kwanza ili ukuzaji upungue, kuongeza mrejesho hasi ili sauti inyooke kabla ya kufika mpakani, kubadilisha valvu ya kunyoosha umeme kwa nyingine isiyopoteza volti nyingi. La kwanza ni salama kwa ampli na hurudi kama lilivyokuwa. La pili linalainisha sauti, ingawa ampli ikifika mpakani inakatika kwa ukali zaidi. La tatu linapandisha volti kila mahali, na kwa umeme wetu unaoruka silipendekezi. Yote yanadai mtu anayejua kwamba kapasita za ndani zinahifadhi volti 300 au 400 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na kwamba hutolewa umeme huo kupitia resista kabla ya mkono kuingia. Fundi aliyejifunzia kwenye simu na redio ndogo za transista, hata awe hodari, aambiwe hilo waziwazi kabla hajafungua skrubu.

Kwa ukumbi mkubwa hakuna lolote kati ya hayo linalotosha, na halipaswi kutosha. Weka maikrofoni. Shure SM57, ambayo imekuwepo tangu 1965, au nyingine ya aina yake, ikisimamishwa sentimita chache mbele ya kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya kitovu, inaifikisha ampli ya wati 5 mahali popote ambapo mitambo ya ukumbi inafika. Kwenye jukwaa kama la Amani Festival, lililoanza Goma Februari 2014, udogo wa ampli ni heri: haimwagi kelele kwenye maikrofoni za waimbaji, na mtu wa mitambo anakuwa na uhuru wa kuiweka popote. Tatizo liko kwenye makanisa ambako mitambo yenyewe imeshalemewa. Gita safi likiingia kwenye meza ambayo taa zake nyekundu zinawaka wakati wote, litatoka chafu, na ampli italaumiwa bure. Punguza kwanza waimbaji na kinanda mpaka taa zizime, ndipo ulete gita.

Kwa asiye na ampli bado, nadhani ni haki aambiwe wazi. Ukihitaji sauti kubwa na safi kila wiki, katika mji wenye umeme huu na bila duka la valvu, nunua ampli ya transista yenye spika ya inchi 12. Roland JC-120, iliyotoka 1975, ilijijengea jina dunia nzima kwa usafi na haina valvu hata moja ndani yake, na zipo ndogo na za bei nafuu zinazofuata njia hiyohiyo. Valvu ina uzuri wake, ule wepesi wa kuitikia mkono ambao anayeujua hauachi, na kwa kurekodi au kwa mazoezi ya nyumbani Himbi au Ndosho usiku, wati 5 zake ni utajiri.

Kwa aliye nayo tayari, na pesa yake inatosha kitu kimoja: nunua spika yenye desibeli 100, ya omu zilezile ampli yako inazotaka, na seremala akujengee kabati. Na mtu yeyote asiifungue ampli hiyo kabla hujapima volti za ukutani kwako saa moja jioni.